Kile Kibao cha Motere, Kitoe

Élisabethville, Cité,
14 Novemba 1954

Mpendwa yaya Mwape, mkubwa wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa kambi ya wavuvi. Je, mko wazima? Mguu wako ulioumizwa na nanga umepona? Huku sisi ni wazima, ila mvua imeanza na paa la jikoni linavujia sufuria. Barua yako ilifika na Chola, dereva wa lori la samaki. Ilinuka mpaka mke wangu Germaine akasema tukiichemsha tutapata mchuzi.

Nimefurahi kusikia dada yetu Victorine amefikisha mwezi wa nane. Furaha hiyo haikukaa. Mwaka juzi mlimvusha kwa makasia, na mtoto akazaliwa na kufa katikati ya ziwa Mweru kabla hamjaona hospitali. Ndiyo maana tulitafuta motere, mashine ya kusukuma boti. Sasa unaniandikia kwamba motere inapiga kelele na boti haiendi.

Yaya, kosa ni langu. Ulipolalamika mara ya kwanza kwamba pua ya boti inaangalia mbinguni, nilijivuna. Nilichonga kibao hapa garajini, nikakutumia ukifunge juu ya ubao wa nyuma ili motere ikae juu zaidi. Nilikipima kwenye boti ya bwana wetu wa garaji, ambayo huitembeza Jumapili kwenye bwawa la upande wa Karavia. Huko ilikimbia vizuri sana.

Jumapili iliyopita upepo ulivuma pale bwawani. Nilikuwa ukingoni nimeshika viatu vya wageni. Viwimbi vidogo tu vilinyanyua nyuma ya boti, elisi, lile panga linalokata maji, ikatoka nje, na motere ikalia bure.  Mimi nilipima motere ya Mweru kwa maji yaliyotulia kama ya beseni, na Mweru nimezaliwa pembeni yake.

Basi fanya hivi. Kitoe kile kibao, ukichome hata ukipikie ugali. Motere ikae moja kwa moja juu ya ubao wa nyuma. Ndani ya barua nimeweka kamba yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza liguse tumbo la boti pale nyuma, la pili liende chini mpaka kwenye lile bamba dogo lililo juu ya elisi. Ni vidole viwili. Bamba likiwa juu zaidi ya hapo, elisi itakula hewa na motere itaungua.

Halafu pini ya kuinamisha motere. Ubao wako wa nyuma umelala, kwa hiyo mguu wa motere unasukumwa mbali na boti, na pua inapanda. Hamisha pini kwenye tundu lililo karibu zaidi na boti, mpaka mguu usimame wima majini. Dawa ilikuwa pini tu, yaya, na mimi nikatuma kibao. Jaribu mkiwa watu wengi kama siku yenyewe ya kumvusha, usijaribu peke yako. Victorine alale katikati, si nyuma.

Niliomba ruhusa nije mwenyewe. Bwana amekataa mpaka Noeli ipite, na bila karatasi yake ofisini hawanipi karatasi ya safari. Nimerudi mara tatu. Kazi ya nusu saa kwa mikono yangu, nami nakaa hapa kukaza bulo na nati za magari ya wengine.

Najua Mama Mujinga hataki mkamwana wake Victorine atoke nyumbani kabla ya uchungu, asije akauita mkosi. Mbembeleze. Mwambie namwomba kwa magoti yote mawili.

Chola alinipa maneno ya Victorine mbele ya watu sokoni: "Umwambie Anaclet, mi siko naogopa tena, juu motere ni yeye alitengeneza." Tangu siku hiyo silali vizuri. Usimwambie habari za kibao.

Chola anasema barabara imekatika kwa mvua, na hajui kama atafika kwa wiki moja au tatu. Kwa hiyo sijui unasoma haya siku gani.

Nisalimie Ngosa, shemeji yetu, na Mama Mujinga, na mzee Mumba. Germaine anawasalimu wote. Mungu aishike boti hiyo pale ambapo mkono wangu haufiki.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Anaclet

Tena, yaya: hata ukishatengeneza kila kitu, weka makasia manne na wanaume wanne ndani ya boti. Ni mimi fundi wa motere ninayekuambia. Na ukiniandikia, habari za motere ziache. Niandikie jina la mtoto tu.