Shati la Tajudini Lisitoke

Mama, maharagi iko motoni, ongeza maji. Nitarudi ~~saa kumi~~ kabla ya couvre-feu, mbele wakataze watu kutembea usiku.

Unisamehe kukupigia makelele asubuhi. Lakini ulikuwa unakunja shati la Tajudini umpe jirani, ati mutoto aliyeenda Kigoma akinyamaza hivi amekufa.

Kazini wananifundisha kuunganisha ordinateri, zile kompyuta, kwa waya. Jana moja iliita ingine, apana jibu. Mi nikasema imekufa. Shefu akacheka: "Angalia waya kwanza." Kumbe waya ilichomoka tu, mashine ilikuwa nzima.

Na boti za Kigoma zilizokuwa zinaleta barua zake zimesimama sababu ya vita, Mama. Sauti yake ingepita wapi?

Shati nimelirudisha kwenye msumari. Mutu akiliomba, mwambie lina mwenyewe.

Hayat, dada yake Tajudini