Ndizi Juu ya Kitanda

Sori,
Oktoba 1998

Kwako Mirumbe, Mama Wesley,

Pokea salamu zangu na za Baba Liz, na za Liz mwenyewe, ambaye nikimuuliza anamkumbuka nani wa Isebania anasema "mama wa karanga". Wesley hajambo? Mguu wake ulipona? Na mzee wako, na ng'ombe? Ukituuliza sisi tutajibu wazima, maana salamu hujibiwa hivyo, lakini wewe endelea kusoma. Kiswahili changu ni cha sokoni, unakijua. Ndicho kilichotukutanisha, mimi Mkisii na wewe Mkuria, na leo kitanitosha. Nina ombi kubwa kwako, ni la Liz. Nitalifikia polepole. Tafadhali usiruke mistari.

Kwanza habari za Baba Liz. Ile homa uliyomkuta nayo ulipotutembelea haikuondoka. Ikitoka inarudi na mwenzake: leo kikohozi, kesho tumbo. Mimi nilikuwa nasema ni taifodi. Nikachemsha mwarobaini, nikapika uji wa wimbi, nikawaambia majirani ameanza kunenepa. Walinitazama tu, wakasema Mungu ni mwema.

Unaikumbuka ile kayaki yake, mashua nyembamba ya plastiki aliyoachiwa na mzungu aliyekuja kupima magugu ya ziwani? Ni ya mtu mmoja, imefunikwa juu na kuachwa tundu la kukaa, na rangi yake ni manjano. Wavuvi wa hapa walicheka siku ya kwanza mpaka wakakaa chini. Walisema Mkisii ameogopa ziwa halina chakula, amebeba ndizi kutoka kwao. Jina likashika, hata sisi nyumbani tunaiita Ndizi. Lakini magugu yalipofunga ufuo wote, mashua za mbao zikakwama kama ng'ombe kwenye tope, na ni Ndizi peke yake iliyopenya. Waliocheka wakawa wanasimama majini hadi magotini kumngoja Baba Liz alete samaki.

Alipolala kitandani, Ndizi ilibaki nje kando ya ukuta. Jua likaanza kuipausha, watoto wakaifanya gari. Kila wakiigonga, yeye anashtuka. Ndipo aliponiambia tuipandishe ndani, ining'inie chini ya mabati, maana chini hakuna nafasi, nyumba yetu unaijua. Nilimwambia apumzike, mashua haiendi popote. Akasema chombo kikilala nje watu husema mwenyewe amekwisha, lakini kikiwa juu wanajua kinamngoja. Mama Wesley, baada ya maneno hayo ningeipandisha hata mbinguni.

Kaka yangu Ratemo, yule anayechimba dhahabu Osiri, alituletea kapi mbili, vile vigurudumu vyenye mfereji wa kupitishia kamba, wanavyovutia ndoo za mawe kutoka shimoni. Baba Liz aliamuru kutoka kitandani, mimi nikapanda juu ya meza. Kapi moja nikaifunga kwenye boriti upande wa kichwa, nyingine upande wa mkia. Nikashona mikanda ya magunia ya kuibeba Ndizi tumboni. Nilipovuta mara ya kwanza, pua ilipanda na mkia ukabaki chini, Ndizi ikageuka na kufagia vikombe vyote mezani. Baba Liz alicheka hadi kikohozi kikamkatiza. Akasema nimevuta kama mtu asiyewahi kulima kwa ng'ombe, kamba mbili lazima ziingie nira moja, asiwepo wa kutangulia. Nikaziunganisha, nikavuta. Ikapanda imenyooka, taratibu, kama inayojua njia. Nikafunga kamba kwenye mwimo wa mlango. Tulilala chali sote watatu tukaitazama. Sijawahi kupenda kitu cha plastiki namna ile.

Nikaifunika shuka jeupe, moshi usiichafue. Hapo nilikosea. Sabato ile akina mama wa kanisa walikuja kutuombea. Bathsheba, jirani yangu, ndiye aliyetangulia kuingia. Akaona kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheupe juu ya kitanda, na Baba Liz chini yake amefumba macho, basi akafikiri jeneza limekwisha kununuliwa. Alipiga kamsa, nusu ya Sori ikaja mbio. Baba Liz akafumbua macho, akamuuliza polepole, "Bathsheba, nani amekufa?" Watu walicheka, na Bathsheba mwenyewe akacheka akipangusa machozi. Mimi niliondoa lile shuka.

Sasa nisikilize. Juzi aliamka ana nguvu kidogo, akanywa uji wote. Akasema nimshushie Ndizi aipanguse, arekebishe nyavu zake zilizo ndani yake pamoja na jiwe la nanga, maana magugu yameanza kupungua na wenzake wanarudi kazini. Nilifurahi sana. Nikataka kuvuta mimi, akakataa, akasema mashua yake ataishusha mwenyewe. Akasimama, akazungusha kamba mkononi, akaniambia nifungue fundo mlangoni. Nikafungua.

Ndizi ilishuka, na yeye akapanda. Niliona vidole vya miguu vikiacha sakafu, Mirumbe. Mtu huyu zamani aliibeba begani, nyavu na jiwe vikiwa ndani yake, kutoka ufuoni mpaka mlangoni akipiga mluzi. Liz akapiga makofi, akasema baba anapaa. Baba Liz mwenyewe alianza kucheka. Nikamkumbatia kiunoni nikamvuta chini, kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba, na hakuwa mzito kuliko nguo.

Aliketi kitandani. Hakuniita Mama Liz. Aliniita kama zamani alipokuwa akinichumbia.

"Kezia," alisema, "nimekuwa mwepesi kuliko vitu vyangu." Kisha akasema, "Nenda hospitali, wewe na mtoto. Usiningoje mimi."

Tulikwenda Homa Bay. Walitutoa damu. Nilipoitwa kwa majibu, sista alifunga mlango kwanza, nikajua. Ugonjwa wa Baba Liz ninao. Liz hana. Sista alirudia hilo la Liz, maana aliona sijasikia. Sikulia kwa ajili yangu, nililia kwa ajili ya lile la Liz, na sista akanipa kitambaa akidhani ni huzuni.

Baba Liz nilimwambia siku hiyo hiyo. Akamwita ndugu yake Ondieki, na Bathsheba awe shahidi, akasema Liz atalelewa na Mirumbe wa Isebania. Ondieki alikasirika, akauliza tangu lini mtoto wa Obare akalelewa na Mkuria, mtoto ni wa ukoo. Baba Liz akamjibu kwamba mtoto huyu alizaliwa sokoni Isebania, nyuma ya magunia ya karanga, na kabla ukoo haujasikia habari zake alikuwa amefungwa katika kanga ya Mirumbe. Ondieki ana watoto wengi na hana mke, anajua mzigo wa kulea. Mwishowe alisema mtoto asisahau Kikisii, basi.

Hilo ndilo ombi langu. Sikukuuliza kwanza, nisamehe. Liz hali mayai, anaogopa kuku, na akitaka kulala hushika sikio la mtu, si mkono. Ukimpa sikio halii.

Baba Liz sasa hataki kuzungumzia ziwa. Mimi bado nina nguvu, nabeba maji, na sista alisema wako wanaokaa miaka. Huenda nitakuwa mmoja wao, napiga magoti kwa hilo. Lakini usingoje uitwe kwenye matanga ndipo uje. Njoo sasa. Kaa nasi akuzoee mimi nikiwapo, kisha nitawasindikiza nyote wawili hadi Isebania, nimwingize mlangoni kwako kwa mkono wangu. Nataka akikua ajue kwamba hakuachwa. Alisindikizwa.

Msalimie Wesley, umwambie anapata dada. Msalimie mzee, na wanawake wote wa safu yetu pale sokoni. Bathsheba anakusalimu. Baba Liz amelala, lakini aliniambia niandike jina lake.

Ni sisi,
Kezia Nyamusi na Jared Obare