Zamu ya Baba Nafula

Ijumaa, 7 Machi 2014
Siku ya mapumziko. Nimefua yunifomu, nimesonga ugali. Simu ikalia: Mercy wangu amejifungua! Msichana, wote wazima. Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu cha Otieno. Chumba kizima hapa Muaither, Uarabuni, kimenicheka. Nyumbani Kitale mvua ya kwanza ilikuwa inanyesha, basi mtoto ni Nafula, msichana wa mvua. Mimi ni baba. Naandika tena: baba.

Jumamosi, 8 Machi
Lindo West Bay, lango la hoteli. Nimemtangazia kila mtu. Dereva mmoja Mwarabu kaniambia mabruk, yaani hongera, kanipa mkono.
Jioni Mercy kanishtua. Kwa kuwa hatujaoana, jina langu haliingii kwenye cheti cha kuzaliwa mpaka sote wawili tukubali. Vinginevyo penye baba wanaweka alama za X. Mimi, X? Damu imechemka. Katiba mpya inasema baba na mama wana wajibu sawa, wameoana au la. Otieno anayo kwenye simu. Tumekisoma hicho kipengele kwa sauti, kama wabunge.

Jumapili, 9 Machi
Nimeharibu. Furaha imenipanda kichwani, nikampigia mamake Mercy mwenyewe nikamsomea Katiba. Mama mkwe! Kwetu Bukusu hata nikikutana naye njiani napaswa kumpisha. Na wazee wetu hawajafika kwao kuposa hata mara moja. Amekata simu. Amemkataza Mercy kutia sahihi popote. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 11 Machi
Supavaiza kanipa ruhusa. Ubalozini nimeapa kwamba Nafula ni wangu. Ofisa kaniuliza kama naelewa: chakula, shule, matibabu, hakuna kurudi nyuma. Nikajibu ndiyo kabla hajamaliza.
Shangazi Nelima amekwenda kwao Mercy na blanketi kuniombea radhi.

Alhamisi, 13 Machi
Hakuna habari. Simu ya Shangazi imezima. Leo nimemfungulia mgeni mlango angali mbali, akabaki kunishangaa.

Ijumaa, 14 Machi
Shangazi kapiga! Blanketi limepokelewa. Mama mkwe aliongea naye akiwa nyuma ya pazia, kwa heshima ya ukwe: "Mwambie Wafula hiyo Katiba nimeisikia. Kama wajibu ni sawa, mtoto analia kila jioni. Zamu yake iko wapi?"
Mercy ataruhusiwa kutia sahihi. Wazee waende likizo yangu ikifika. Nimemkumbatia Otieno akiwa na sabuni usoni.

Jumamosi, 15 Machi
Jioni nimepigiwa kwa simu ya Mercy. Nafula analia. Nimeimba wimbo wa bibi yangu, sauti mbaya, wenzangu wametulia. Akanyamaza taratibu.
Nikaita, "Mercy?" Kwa mbali nikasikia Mercy akikoroma. Nikajua ni mama mkwe aliyeshika simu.
Sikukata simu. Naye hakukata. Tukamsikiliza mtoto akipumua.