Perege wa Dimbwi la Mkuyuni

KITUO CHA POLISI NDUGUTI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Febronia Stefano
Umri: Miaka 46
Kabila: Mnyiramba
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mkulima
Makazi: Kijiji cha Msingiri, Wilaya ya Mkalama
Tarehe: 15/03/2025

Mimi ndiye mwenye jina lililoandikwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe bila kuitwa. Nataka kueleza nilichokiona siku ya Alhamisi tarehe 13 mwezi huu katika mto wetu, mahali panapoitwa dimbwi la Mkuyuni, kuhusu majeruhi Gerald Stefano, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, na Calist Laurian, ambaye yuko hapa mahabusu.

Calist ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kurudisha samaki mtoni. Mimi na Gerald ni wanachama tangu kilipoanza. Tulipokuwa wadogo mto ule ulikuwa na perege na kambale, na baba yetu alikuwa mvuvi. Baadaye watu walianza kuvua kwa vyandarua, halafu ikaja miaka miwili ya ukame mto ukabaki mchanga mtupu. Mvua zilirudi, maji yakarudi, lakini perege hawakurudi. Watoto wangu wamekua hawajawahi kuona samaki pale.

Afisa uvuvi, Bwana Joshua, ndiye aliyetueleza kwamba tunaweza kupandikiza vifaranga vya samaki. Mara ya kwanza tuliwamwaga majini moja kwa moja na wengi walikufa mbele ya macho yetu, kwa sababu maji ya mto yalikuwa baridi kuliko yale waliyotoka nayo. Mara ya pili tuliiacha mifuko yao ya nailoni ielee kwanza dimbwini mpaka maji ya ndani na ya nje yakalingana, ndipo tukafungua. Gerald ndiye aliyeibeba mifuko ile kutoka barabarani, kwa sababu gari haliwezi kufika mtoni. Aliibeba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Nalisema hili ili ijulikane kwamba naye aliwapenda wale samaki.

Tulikubaliana katika mkutano wa kijiji kwamba hakuna kuvua pale Mkuyuni mpaka samaki wazaliane na kusambaa mto mzima. Mwaka huu mwezi wa pili Calist alituita tukaona vishimo vya mviringo kwenye mchanga, chini ya maji ya pembeni. Bwana Joshua alisema hivyo ni viota vya perege. Alisema mama perege huwaweka watoto wake mdomoni mpaka waweze kujitegemea, na katika siku hizo hali chochote. Hao walikuwa samaki wa kwanza kuzaliwa katika mto wetu wenyewe baada ya ukame ule.

Sasa naeleza tukio lenyewe. Lea, binti wa Gerald, anaposwa na familia moja ya Itigi. Wageni wa mahari walikuwa wafike Ijumaa jioni. Ijumaa ya Kwaresima hatuli nyama. Nilimwambia Gerald tupike maharage na mlenda, na dagaa wanapatikana sokoni. Akaniambia, "Dada, wageni wa mahari wawekewe dagaa? Baba aliwahi kuweka dagaa mbele ya wageni?" Nilidhani ameishia hapo.

Alhamisi majira ya saa tisa alasiri nilishuka mtoni kufua. Nilikuwa na kisu kidogo cha jikoni kwenye beseni, kwa ajili ya kukata mboga za kando ya mto wakati wa kurudi. Nilipofika dimbwini nilimkuta Gerald yuko ndani ya maji hadi kifuani, peke yake, anavuta chandarua. Vilikuwa vyandarua viwili vilivyoshonwa pamoja. Nilimwita. Akasema, "Dada, ni wachache tu, wa wageni."

Nikamwambia, "Gerald, hao ni akina mama. Wana watoto mdomoni."

Akasema, "Wengine watabaki," akaendelea kuvuta.

Wakati huo Calist alikuja kutoka upande wa juu wa mto, ambako huwa anapita kuangalia. Hakuwa na kitu mkononi. Alisimama kando yangu akasema, "Gerald, toka tu. Sitamwambia mtu." Hakutukana, wala hakuingia majini. Nadhani Gerald aliona haya, kwa sababu alianza kuvuta chandarua kwa haraka akirudi kinyumenyume kuelekea ng'ambo. Upande ule una shimo refu ambalo mkondo wa mvua za mwaka huu umelichimba. Aliteleza akaingia. Aliibuka mara moja, chandarua kimemzonga, kisha hakuibuka tena.

Calist alivua shati akajitupa. Alizama, akaibuka, akasema miguu ya Gerald imefungwa na chandarua na kimenasa kwenye mizizi. Akanyoosha mkono akaniambia, "Dada Febronia, kisu." Niliingia mpaka maji yakanifika kiunoni nikampa kisu changu. Kile kisu chenye mpini wa mbao uliofungwa waya, ambacho nimeonyeshwa hapa kituoni leo, ni cha kwangu, na ni mimi niliyempa kwa mkono wangu.

Alizama nacho. Maji yalikuwa machafu, sikuona chini kunafanyika nini. Niliona damu inapanda juu, nikajua amekata na nyama. Kisha Calist aliibuka amemkumbatia Gerald kwa nyuma, kichwa cha Gerald kikiwa begani kwake. Tulimvuta sote wawili hadi mchangani. Gerald alikuwa hapumui. Calist alimlaza kifudifudi akamkandamiza mgongoni, nami nikaita watu kwa sauti kubwa. Gerald alitapika maji, akaanza kukohoa. Nilimfunga paja kwa kitenge changu.

Chandarua kilichobaki kilikuwa kimeburutwa nasi hadi ukingoni, na samaki wamo. Calist alikigeuza majini akawaachia. Kisu bado alikuwa nacho mkononi. Mama perege wengine walikuwa wameshawatema watoto wao, wamenasa kwenye matundu, wadogo sana, macho tu. Alikuwa anasuuza chandarua taratibu ili watoke. Watu waliokuja mbio walimkuta katika hali hiyo, kisu mkononi na damu mpaka kwenye viwiko.

Mtu mmoja alimuuliza Gerald, "Nani kakufanya hivi?" Gerald akasema, "Calist kanichoma kisu." Nilisema hapana, si hivyo, lakini watu walikuwa wengi na kila mtu anasema lake. Pikipiki ilifika, nikapanda nyuma nikimshikilia Gerald hadi hospitali. Nililala huko. Habari kwamba Calist amekamatwa nilizipata Ijumaa asubuhi, mama yetu alipokuja wodini.

Nilimsalimu mama shikamoo, akaitikia, akanitoa nje. Akasema, "Mwanangu, wageni wako njiani. Watasikia baba wa binti amekamatwa akiiba samaki wa kijiji? Afadhali wasikie amechomwa kisu."

Nikamwambia, "Mama, nilikuwepo."

Akasema, "Najua ulikuwepo. Ndiyo maana nakuomba."

Ni mama yangu, na alikuwa analia. Nilirudi ndani kwa Gerald. Nilimwambia kwamba nitakuja hapa kituoni. Akaniuliza, "Calist amelala ndani?" Nikamwambia ndiyo, amelala mahabusu. Akajifunika shuka mpaka usoni. Hakusema niende, wala hakusema nisiende.

Wageni walifika jana jioni na wakapikiwa maharage. Leo hii ninapotoa maelezo haya wanaongea habari za mahari nyumbani, na mimi shangazi wa binti sipo. Sijui nitapokelewaje nikirudi.

Chandarua bado kipo kwa mwenyekiti wa kijiji. Naomba kichukuliwe kitazamwe mahali kilipokatwa. Kimekatwa sehemu iliyomfunga miguu. Sina ugomvi na mdogo wangu. Calist si ndugu yangu na hajanitumia mtu. Ninachojua ni kwamba bila yeye jana wageni wangekuta msiba.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, sikuongeza wala sikupunguza, na niko tayari kuyarudia mahali popote nitakapoitwa.

Saini ya shahidi: F. Stefano

Maelezo haya yameandikwa na mimi WP Koplo Dorkas, kwa lugha ya Kiswahili ambayo shahidi anaielewa. Nilimsomea kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliomba sehemu moja irekebishwe. Nilikuwa nimeandika kwamba mtuhumiwa aliibuka "amemkamata" majeruhi kwa nyuma. Shahidi alisema neno hilo si sahihi, iandikwe "amemkumbatia". Nimerekebisha kama alivyoomba, naye ameweka saini pembeni.