Sala Yenye Ilifunga Mulango

Jumatatu, tarehe 2 Februari

Wewe Antwa, tangu Noeli hujafungua hii kaye, daftari lako. Haya yako iko wapi? Mwalimu wa mama za kanisa alitoka jasho kukufundisha herufi, uzee wote huu, magoti yanauma kwa benchi ya watoto. Alafu unaziacha zioze. Andika. Hata vibaya, andika.

Leo nimetwanga lituma ya ndizi, nimefagia. Maji ya mutoni imeshuka. Tangu wiki iliyopita wavuvi wanabadilisha miti ya kutegea samaki kwenye maporomoko. Kila nyumba inatuma mikono yote, hata watoto, kuvuta kamba. Nyumba yenye haitume inapoteza nafasi yake ya kutega. Iko vile tangu mababu.

Jumanne, tarehe 3

Mulango wa masomo, shule yetu, umefungwa. Watoto wa wavuvi wamesimama inje, kaye juu ya kichwa, jua linawapiga.

Direktere ni mwanangu, Dieudonné. Masomo ya kanisa letu. Niliuza samaki ya moshi mpaka akapata diplome. Sasa anasema: mwenye amekosa siku tatu haingie, na hataandikwa kwa egzame ya Leta, mutihani wa serikali.

Bibiche, binti wa jirani yangu papa Alphonse, muvuvi, iko darasa la sita. Wa kwanza kwa nyumba yao kufika pale. Wiki iliyopita alivuta kamba siku tatu. Donc, amefutwa? Sielewe.

Jumatano, tarehe 4

Nimeenda kwa Dieudonné na hasira yangu. Amenionyesha karatasi ya kikao cha wazazi. “Mama, si wewe ulifunga ile kikao na sala?”

Iko kweli. Mwezi wa kumi. Walisoma sheria kwa Kifaransa, luga yenye sisikie. Mimi ndiye muzee wa komite ya wazazi, wakanipa sala ya mwisho. Nikaomba Mungu akamilishe yote yenye yamesemwa. Na kwetu, kitu kikifungwa na sala, hakuna mutu anakigusa tena.

Nilifikiri walikuwa wanazungumza juu ya vyoo.

Basi ni mimi nilimufungia Bibiche. Na mudomo wangu. Nimekasirika, sijue na nani.

Ijumaa, tarehe 6

Kichwa kinazunguka.

Dieudonné hana roho mbaya. Mwaka jana wengi walianguka kwa egzame, kanisa lilitaka kumuondoa. Anasema masomo bila nidhamu si masomo ya Mungu. Nikimusikiliza, naona iko na haki. Alafu namusikiliza papa Alphonse, naye iko na haki. “Koko, bibi yetu, wamisionere waliweka haya masomo hapa juu ya watoto wetu. Kama sasa ni ya wengine, bon, wabebe na matofali waende nayo.” Nimecheka. Kisha nimelia.

Nimeuliza pastere kama sala inaweza kufunguliwa. Amesema: uliza direktere. Direktere: uliza komite. Komite: lakini koko, si wewe ulisali? Nimezunguka siku nzima kama kuku.

Majina ya egzame yanaondoka Jumatatu. Bibiche amepita na beseni ya samaki juu ya kichwa. Hakunisalimu.

Jumapili, tarehe 8

Kanisani nimeimba bila kusikia ninaimba nini. Nikisema, namuvua mwanangu nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, Bibiche anabaki na beseni. Mungu ananiangalia tu.

Jumatatu, tarehe 9

Nimefika kabla ya kengele. Watoto kwa mistari. Wale wa wavuvi inje ya mulango. Komite wamekuja kutia saini, Dieudonné na liste yake ya majina mukononi.

Nikasema: leo sala ni yangu. Nani atamukatalia koko sala?

Nimesali kwa Kiswahili, kwa sauti, hata wa inje wasikie. Bwana, mwezi wa kumi nilikuomba kitu chenye sikusikia. Amina yangu ilikuwa ya bure. Leo naikamata tena, nilichofunga nafungua. Hawa walikuwa kwa kazi ya baba zao. Wewe uliwakuta wanafunzi wako kwenye nyavu, hukuwaandikia kwamba wamekosa. Umupe mwanangu nguvu ya kuongoza. Na masikio.

Watoto wamesema amina. Komite pia, kidogo kidogo. Dieudonné ameangalia viatu vyake. Alafu ametoa kalamu, ameandika Bibiche na wenzake, ameenda kufungua mulango yeye mwenyewe.

Amepita karibu yangu kama anapita mutu asiyemujua.

Jumatano, tarehe 11

Mvua kidogo. Hakuna kelele.

Bibiche amekuja na kaye zake, ameketi kwa baraza langu, ameandika mpaka mvua ikaisha.

Dieudonné alikuwa anapita hapa kila siku akitoka kazi. Siku mbili hajapita. Kanisa limemuita kwa ofisi kesho kutwa. Wanasema, direktere gani huyu mwenye anaongozwa na mama yake. Mutoto wangu alisimama mbele ya wote akakubali kugeuka. Mimi naona huko ndiko kuongoza. Wao wanaona ni haya. Labda mimi nimemuharibia. Sijue. Kweli, sijue.

Sikiliza, Antwa. Usifungue tena hii kaye kabla ya kwenda kwa mwanako. Enda na miguu yako, piga hodi, keti. Usimusalie. Acha yeye aseme kwanza.