Meno Uyaache Yakauke

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Chumba cha tatu,
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mjukuu wangu, mchumba wangu uliyenikimbia kwa kisingizio cha masomo,

Salamu zikufikie hapo ulipo. U hali gani? Kile kifua chako kimepona? Unakula chakula cha maana hapo kwa shangazi yako, au bado unaishi kwa chai? Mimi ni mzima wa kutosha. Goti linalalamika kwenye ngazi, lakini ngazi linapanda. Mama yako hajambo, anafanya kazi zake kama kawaida na kunigombeza kama kawaida. Nasema mimi ni mzima isipokuwa mdomo, na huo nitaufikia.

Barua hii nimeiandika siku nne. Ukiona mistari inapanda kilima usidhani nimelewa. Mkono wangu ni wa ufagio.

Barua yako niliipata, na niliisoma mwenyewe. Narudia, mwenyewe. Umeandika kwamba meno yote niliyokutumia yamepasuka, kwamba mwalimu wenu alishika moja mbele ya darasa likamvunjikia mkononi kama biskuti, na wenzako wakacheka. Umeandika kwamba usipopata mengine kabla ya mwezi huu kwisha, hutafanya mtihani wa vitendo, na mwaka wote utaurudia. Hayo nimeyaelewa, na yameniuma. Lakini hukuishia hapo. Chini kabisa, mahali pa kuniaga, ukaandika: "Babu, kama hukuelewa, ungempa mtu anayejua kusoma akusomee."

Kisu hicho umekinoa wapi, mjukuu wangu?

Acha nikukumbushe unamwandikia nani. Miaka thelathini na mmoja nimefagia kliniki ile ya meno. Madaktari saba wamenipitia, na kila mmoja mimi ndiye niliyemwonyesha swichi ya taa ilipo. Kusoma sikufundishwa na mwalimu. Nilijifundisha kwenye chupa za dawa, neno kwa neno, mpaka nikaijua ya kusukutua na ya kuoshea sakafu, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyesukutua ya sakafu mikononi mwangu. Nikiokota jino chini nakuambia papo hapo ni lipi. Mizizi mitatu, gego la juu. Miwili, la chini. Mmoja mrefu kama msumari, hilo chonge. Yule daktari wa nne, mnene, alikuwa akiniita nimthibitishie. Wewe hayo umeanza kuyajua mwaka jana.

Uliponiandikia mara ya kwanza kwamba kila mwanafunzi anatakiwa aende chuoni na meno arobaini ya watu, yaliyong'olewa na mizizi yake, ya kujifunzia kutoboa na kuziba, kwanza nilicheka. Kisha nikasema, wengine watahangaika, lakini huyu ana babu ndani ya ghala lenyewe.

Miezi minane nilikusanya. Mgonjwa akitoka na pamba mdomoni, namsimamisha mlangoni, namwambia jino lake mjukuu wangu atalisomea udaktari, waonaje? Naye anaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekataa hata mmoja. Baadaye daktari mpya, huyu wa saba, aliniambia kwamba mtu mwenye pamba mdomoni na ganzi mpaka sikioni hawezi kukataa. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mbele yake sikulikubali.

Chupa ya kuyakusanyia niliificha chini ya sinki. Kila jino nililichokonoa nyama kwa sindano, nikalisugua kwa mswaki na sabuni mpaka likameta. Ndipo nikafika kwenye agizo lako. Mstari wenyewe ninao kichwani: "Babu, meno uyaache yakauke." Mimi ni mtu wa agizo. Nikayatandaza juu ya bati nyuma ya kliniki, jua kali, siku tatu, nikiyageuza asubuhi na mchana kama mtu anayeanika karanga.

Bi Koleo akatoka kumwaga maji akayaona. Unamjua, yule msaidizi wa daktari, tangu alipolishika koleo la kung'olea hajaliachia. Akasema meno hayaanikwi, meno si dagaa. Nikamwambia ashike koleo lake, mimi nimeshika barua ya mjukuu wangu. Akamwaga maji yake, akarudi ndani. Nikaona nimeshinda.

Pale pale batini ndipo daktari mpya aliponikuta. Akasimama na koti lake jeupe, akayatazama, akanitazama. "Mzee, meno ya watu unampelekea nani?"

Nikamwambia nampelekea mjukuu wangu anayesomea udaktari wa meno. Hakuniamini. Kesho yake benchi zima la wagonjwa lilikuwa linajua kwamba mzee wa ufagio anauza meno kwa waganga. Mama mmoja alikumbatia shavu lake nilipopita na ndoo. Wiki haikwisha nikaitwa ofisini, nikaambiwa sasa nipumzike. Neno hilo ndilo wanalotumia wakitaka kukutupa bila kelele. Funguo niliziweka mezani, chupa nikaichukua, nikakutumia. Hayo sikukuandikia, kwa sababu ulikuwa na masomo, na kwa sababu nilijua meno yale yatakusimamisha mbele ya wenzako. Basi yalikusimamisha.

Ilipofika barua yako ya lawama, niliitafuta ile ya kwanza ili nikuonyeshe kosa lako kwa maandishi yako mwenyewe. Nikampelekea fundi cherehani wa chumba cha kwanza awe shahidi. Akavaa miwani, akasoma. Alipofika kwenye mstari ule, akasoma "usiyaache." Nikamwambia miwani yake imechoka. Fundi ni mtu mpole, hakubishana. Alichomoa sindano kwenye kola ya shati lake, akaweka ncha yake kwenye mkunjo wa karatasi. "Mzee, hapa pana 'si'."

Siku tatu sikumsemesha. Siku ya nne niliifungua barua peke yangu dirishani, nikaunyoosha ule mkunjo kwa ukucha. Ipo. Imechubuka, imelala kwenye bonde la karatasi kama mjusi aliyekanyagwa na gari, lakini ipo. Karatasi uliikunja wewe, na mwandiko wako ni mdogo kama wa mchwa, hayo mawili siyaachi. Ila "si" ipo, na mimi sikuiona. Nimeandika. Usiniombe niandike mara ya pili.

Sasa sikiliza mama yako alivyonifanya. Bila kuniuliza alikwenda kwa Bi Koleo. Jumamosi nikasikia hodi, Bi Koleo yuko mlangoni na ndoo yenye kifuniko. Ndani meno, arobaini na matatu, yamezama kwenye maji ya chumvi. Nikamuuliza ameanza lini kuyakusanya. Akasema siku ile ile nilipoondoka, maana alijua yangu yatapasuka. Alimwendea daktari, akamweleza ni ya mjukuu wa nani na chuo gani. Daktari akasema mgonjwa aulizwe kabla ya ganzi, mdomo ukiwa bado unaweza kusema hapana, atie sahihi kwenye karatasi. Wanne walikataa, wengine wakatia sahihi. Basi. Mazungumzo ya dakika tano. Mimi miezi minane nilijificha na chupa chini ya sinki, na kazi yangu imekwenda, kwa jambo la dakika tano. Hilo linanikereketa kuliko uvumi wa waganga.

Sikumshukuru hapo hapo. Nilikalia kigoda nikaanza kumkagulia ndoo yake. Uliandika kwamba mwalimu anataka walau gego moja la juu lenye kichwa kisichovunjika na mizizi mitatu mizima, bila hilo mtihani hakuna. Nikamwonyesha: magego yako ya juu ni sita, yote umeyaponda kwa koleo. Nilitaka kidogo naye aone haya. Hakutazama ndoo. Alikuwa ananitazama shavu.

"La kwako la juu kushoto umelibeba bovu miaka mitatu, mzee," akasema. "Ulidhani nani hakuoni unavyotafuna?"

Mjukuu wangu, wewe umekua ukinisikia nikisema nina meno thelathini na mawili na miaka sabini na minne ya umri. Umeniona nikifungua soda kwa gego. Ile ya mwisho niliifungulia upande wa kulia. Kushoto palikuwa panawaka moto, na mimi nafagia chini ya kiti cha kung'olea kila siku. Ningemwambia nani? Ningeonekana kama mpishi anayekufa njaa.

Jumatatu nikaenda. Niliapa nisiukanyage mlango ule, nikaukanyaga. Walinipa karatasi ya sahihi. Bi Koleo akataka kunisomea nikamnyang'anya. Niliisoma yote, kidole chini ya kila silabi, watu wakisubiri. "Si" zilikuwa tatu. Nilizitafuta na kwenye mikunjo.

Kisha nikapanda kwenye kile kiti. Miaka thelathini na mmoja nimekifuta, sikuwahi kukilalia hata mara moja. Nikafungua mdomo, nikatazama juu, na juu ya shingo ya ile taa, upande ambao mtu aliyesimama hauoni, nikaona utando wa buibui. Mkubwa, mweusi, wa miaka. Ufagio wangu haujawahi kufika pale. Wagonjwa wote hao wameutazama, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeniambia. Wangeniambiaje? Midomo ilikuwa imejaa vyuma.

Jino limetoka zima, mizizi yote mitatu, kichwa kizima, na tundu moja jeusi katikati, kama lilivyochorwa kitabuni. Huyu daktari ana mkono mwepesi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yamekwisha. Alipomaliza aliinama akaniambia mambo ya lile benchi yalimsikitisha, na kwamba alifanya haraka kuniondoa. Nilikuwa na pamba mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Amekwenda akidhani nimemsamehe. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kichwa cha mwenye pamba si jibu.

Ndoo unaletewa na dereva wa lori la magodoro, atafika Alhamisi. Juu ya kifuniko nimeandika USIYAACHE YAKAUKE, na "si" nimeipiga kwa rangi nyekundu, kubwa kama viatu vyangu. Gego langu nimelifunga uzi wa fundi, rangi ya samawati, uzi hautafunguka kwenye maji. Mengine arobaini na matatu yana wenyewe waliotia sahihi, hayo uyatoboe kwa adabu. La kwangu ndilo uanze nalo. Ukikosea hapo, mimi niliruka silabi, wewe utakuwa umeruka kipimo, tutakuwa tumelingana na hakuna atakayemcheka mwenzake.

Nisalimie shangazi yako na mumewe, mwambie mume nimesikia ametia meno ya bandia na sishangai. Nisalimie mwenzako wa darasani, yule unayesema anakuazima koti. Mama yako anakusalimu, fundi naye anakusalimu. Bi Koleo sijamshukuru bado. Nikishamshukuru nitakuandikia.

Mungu akushike mkono utakapoanza kutoboa, na aliyeketi chini yake asijute kufungua mdomo.

Ni mimi, akupendaye hata akiwa amekununia,

Babu yako,
mwenye meno thelathini na moja.