Hesi Niliyoikata Kombo

Jumanne, baada ya isha

Na mimi nilivyofurahi! Wiki nzima natafuta nondo laini ya kutengenezea jiliwa langu la kubania vyuma, leo nimeipata kwa muuza vyuma chakavu Kilindoni. Nimeikwangua kutu ili niikate hesi ya kuingizia nati, kumbe ncha moja ina hesi tayari. Imekatwa kombo, nyuzi za mwanzo zimelala upande.

Ukombo ule naujua. Ni wa mkono wangu.

Ndiyo nondo ya mashine ya kukamulia tui niliyomtengenezea shangazi yangu wa kule Baleni. Hesi yangu ya kwanza maishani. Kila nikimuuliza, huniambia tui linatoka zito, mkono wangu una baraka. Nami nikaamini, nikajiita fundi.

Si angeniambia tu kwamba kifumbu chake cha kuchujia tui kinamtosha! Ningenuna siku mbili, yakaisha.

Nimempigia simu. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Mashine je, shangazi?

“Hiyo? Leo asubuhi tu nimekamulia nazi tatu. Mungu akuzidishie.”

Nondo nilikuwa nimeipakata mapajani.

“Amin, shangazi,” nikamwambia.